Namba si siri, kidole si ufunguo

Hotuba hii ilitolewa mbele ya maofisa wa usajili, watendaji wa serikali na wananchi. Tunaiweka hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Waheshimiwa, maofisa wa usajili, wahudumu wa madirishani, ndugu wananchi, nawasalimu nyote.

Naomba tuanzie dirishani. Mama mtu mzima amekuja kuchukua pensheni yake. Anaweka kidole gumba kwenye kioo cha mashine. Taa nyekundu. Karani anamwambia afute kidole kwa kitambaa, aweke tena. Nyekundu. Mara ya tatu, nyekundu tena, na karani anasema: "Mama, mashine imekukataa." Mama anakusanya karatasi zake na kuondoka.

Ndugu zangu, mashine ilisema nini hasa? Ilisema kwamba yule mama si yeye? La. Ilisema kwamba alama iliyosomwa leo haikufanana vya kutosha na alama iliyohifadhiwa siku ya usajili. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Lakini pale dirishani hapakuwa na mtu aliyejua tofauti hiyo; mama hakuijua, na karani pia hakuijua. Sera nzima ya utambulisho, kurasa zake zote na mikutano yake yote, mwisho wake ni hapo, na hapo ndipo ilipokwama.

Hili ndilo nililokuja kulisema leo. Tumezoea kuandika sera kwanza, kununua mitambo, halafu mwishoni kabisa tunatenga fedha kidogo za "elimu kwa umma", yaani mabango na matangazo ya redio. Nasema huo ni mpangilio uliopinduka. Uelewa wa mwananchi ni sehemu ya usalama wa mfumo wenyewe. Ukikosekana, mfumo una tundu, hata kama mitambo yake ni ya gharama kiasi gani.

Katika kila shughuli ya utambulisho kuna maswali matatu yanayojificha ndani ya swali moja. La kwanza: wewe ni nani? La pili: tutajuaje kwamba ni wewe kweli? La tatu: unaruhusiwa kufanya nini? Kutambulisha, kuthibitisha, kuruhusu. Tiketi ya basi inajibu swali la tatu peke yake: aliyeishika amelipa nauli, basi. Haihitaji kujua jina lake. Namba ya siri ya benki inajibu la pili. Daftari la wapiga kura linahitaji la kwanza, na linahitaji pia kuhakikisha kwamba mtu mmoja ameandikwa mara moja tu. Sera inaharibika pale inapodai jibu la swali la kwanza mahali ambapo la tatu lingetosha. Mlinzi wa lango anayebaki na kitambulisho chako siku nzima anataka nini hasa? Anataka kujua kama umeruhusiwa kuingia. Kwa nini basi abaki na jina lako, picha yako, tarehe yako ya kuzaliwa na namba yako?

Tukichanganya maswali haya, hutokea nini? Nitawasimulia kisa cha pochi.

Mwaka 1938 kampuni moja ya pochi huko Lockport, jimbo la New York nchini Marekani, ilitaka kuwaonyesha wateja kwamba kadi ya hifadhi ya jamii inaingia vizuri ndani ya pochi zake. Ikachapisha kadi ya mfano, na juu yake ikaweka namba halisi ya katibu mmoja wa kampuni: 078-05-1120. Kadi hiyo ilikuwa nusu ya ukubwa wa kadi ya kweli. Ilichapwa yote kwa rangi nyekundu. Iliandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni mfano. Pochi zikauzwa katika maduka ya Woolworth na mengineyo. Watu wakanunua, wakafungua, wakaona namba, wakaichukua kuwa yao. Mwaka 1943 watu 5,755 walikuwa wakiitumia namba hiyo moja. Serikali ikaifuta, katibu akapewa namba nyingine, lakini kwa miaka mingi baadaye watu waliendelea kuitaja kuwa yao, jumla zaidi ya 40,000. Mwaka 1977, karibu miaka 40 tangu pochi ya kwanza kuuzwa, bado walipatikana watu 12 wanaoitumia.

Kisa hiki kwa kawaida husimuliwa ili watu wacheke. Naomba tusicheke. Watu wale hawakuwa wajinga. Namba zile zilikuwa zimeanza kutolewa miaka miwili tu kabla, na hakuna aliyekuwa amewaketisha akawaeleza namba ya utambulisho ni kitu gani, inafanya kazi gani, na kwa nini haiwezi kuwa ya watu wawili. Wakajaza pengo kwa walichokiona ndani ya pochi.

Na kosa la pili, la upande wa taasisi, lilikuwa kubwa zaidi. Miongo iliyofuata, katika nchi hiyo hiyo, mabenki na makampuni yaliigeuza namba hiyo kuwa siri. Ukiitaja, wanaamini ni wewe. Namba iliyoandikwa kwenye fomu za kazi, za hospitali na za shule ikapewa kazi ya nywila. Aliyeijua namba yako aliweza kuchukua mkopo kwa jina lako.

Namba hutambulisha, haithibitishi. Narudia: namba hutambulisha, haithibitishi. Namba yako ni kama namba ya kiwanja: ni ya kiwanja kimoja tu, na kila anayepita njiani anaweza kuisoma. Haimpi yeyote hati. Kwa hiyo mtu akikupigia simu, akakusomea namba yako ya kitambulisho tarakimu kwa tarakimu, kisha akasema anatoka benki, ajue au asijue namba hiyo, hajathibitisha chochote. Namba hiyo imekwisha kunakiliwa mara ngapi? Kila uliposajili laini ya simu, kila ulipolala nyumba ya wageni, kila ulipoomba kazi, umeacha kopi.

Kuhusu kopi, nina ushauri mmoja wa vitendo, na hauhitaji sheria mpya. Kabla ya kumpa mtu kopi ya kitambulisho chako, andika juu yake kwa kalamu, kimshazari, ukipita juu ya maandishi na ukingo wa picha: kopi hii ni ya nini, amepewa nani, na tarehe ya leo. "Kwa ajili ya kupanga nyumba tu", jina la mpangishaji, tarehe. Mwizi atakayeokota kopi hiyo atapata kazi kubwa kuitumia kwingine. Na ninyi maofisa, ikiwa ofisi yako inakataa kopi iliyoandikwa hivyo, jiulize ofisi yako inataka kuitumia kwa shughuli gani nyingine.

Tarehe ya kuzaliwa nayo ni hivyo hivyo. Katika rejista za nchi nyingi, mtu asiyejua siku aliyozaliwa huandikwa 1 Januari. Fungua daftari la wazee, utakuta safu nzima ya 1 Januari. Kisha taasisi inakuja na "swali la usalama": taja tarehe yako ya kuzaliwa. Kwa wazee hao wote, jibu linajulikana kabla hawajafungua mdomo. Swali hilo linawaacha wazi wale wale wanaohitaji ulinzi zaidi.

Sasa turudi kwa yule mama na kidole chake, kwa sababu hapa ndipo penye uelewa mdogo kuliko kote, na hapa ndipo serikali zinapotumia fedha nyingi zaidi.

Mashine inafanya nini kidole kinapogusa kioo? Inapiga picha ya matuta ya ngozi. Inatafuta mahali ambapo tuta linakoma na mahali ambapo tuta linagawanyika mara mbili. Inaandika mahali hapo na mwelekeo wake, na orodha hiyo ya alama ndiyo inayoitwa kiolezo. Kisha inalinganisha kiolezo cha leo na kile cha siku ya usajili, na inatoa alama za ufanano, kama mwalimu anavyotoa maksi. Maksi zikifika kiwango kilichowekwa, taa ya kijani. Zisipofika, nyekundu. Hakuna "ndiyo" wala "hapana" ndani ya mashine. Kuna maksi, na kuna kiwango.

Na kiwango hicho kiliwekwa na nani? Hapa, ndugu zangu, sera imejificha ndani ya mashine. Ukipandisha kiwango, walaghai watapungua lakini watu halali wengi zaidi watakataliwa. Ukikishusha, watu halali watapita kwa urahisi lakini na wezi nao watapenya. Hakuna kiwango kinachofuta makosa yote mawili. Kuchagua kati ya makosa hayo ni uamuzi wa serikali, unapaswa kutangazwa na kujadiliwa, na mara nyingi umeachwa mikononi mwa fundi aliyefunga mtambo.

Na wanaokataliwa si watu wowote tu. Matuta ya vidole husagika. Husagika kwa jembe, kwa saruji, kwa sabuni kali ya kufulia, kwa uzee unaokausha ngozi. Vidole vya watoto wadogo bado vinakua. Kwa hiyo kosa la mashine halisambai sawasawa. Linawaangukia wakulima, waashi, wafuaji na wazee. Tuseme mashine inamkataa mtu halali mara 2 katika kila 100. Mtu atasema asilimia 98 ni ushindi. Sawa, tuipeleke kwa wastaafu 500,000 wanaolipwa kila mwezi: ni watu 10,000 wanaorudishwa nyumbani kila mwezi. Na mara nyingi ni wale wale, kwa sababu kidole kilichosagika mwezi huu kitakuwa kimesagika mwezi ujao pia.

Kuna hesabu nyingine ambayo naomba kila mtunga sera aliyepo hapa aichukue. Kumlinganisha mtu na rekodi yake mwenyewe ni ulinganisho mmoja. Lakini siku ya usajili, ili kuhakikisha hajaandikwa mara mbili, mfumo unamlinganisha na kila mtu aliyekwisha kuandikwa. Chukua mashine nzuri inayofananisha watu wawili kimakosa mara moja katika ulinganisho milioni moja. Rejista ina watu milioni 40. Kwa mtu mmoja anayekuja kujisajili, tarajia watu 40 wasiohusika wanaoonekana kufanana naye. Ndiyo maana rejista kubwa huchukua vidole vyote kumi, na nyingine huongeza mboni za macho, ili kosa hilo lishuke sana. Hata hivyo huwa linabaki kidogo, na hicho kidogo kinahitaji jicho la binadamu: mtu aliyefunzwa, anayefungua rekodi mbili, anaangalia, anaamua. Bajeti ikisahau kuajiri watu hao, mafaili hulundikana. Mwananchi anakuja miezi sita mfululizo anaambiwa "bado inashughulikiwa", wala hajui kwamba jina lake limewekwa kando kwa kudhaniwa kuwa ni la mtu mwingine. Ana haki ya kuambiwa.

Nimesema kidole si ufunguo. Ufunguo ukipotea unabadilisha kitasa. Nywila ikiibwa unaweka mpya. Mwaka 2008 kikundi cha wataalamu wa kompyuta cha Ujerumani, Chaos Computer Club, kilichapisha katika jarida lake alama ya kidole ya waziri wa mambo ya ndani wa wakati huo, Wolfgang Schäuble. Ilichukuliwa kwenye glasi ya maji aliyoishika. Mwaka 2015 serikali ya Marekani ilikiri kwamba wadukuzi walioingia katika ofisi inayotunza kumbukumbu za watumishi wake waliondoka na alama za vidole za watu milioni 5.6. Watu hao wabadilishe nini? Tunaacha vidole vyetu kwenye kila glasi na kila kitasa cha mlango. Kidole kinaweza kusaidia kumtofautisha mtu na mwingine. Hakifai kuwa ufunguo pekee wa pesa zake, na hakifai kabisa kuwa ufunguo asio na njia ya kuubadilisha.

Basi karani afanye nini taa ikiwa nyekundu? Afute kioo kwanza, maana mara nyingi kina mafuta ya vidole vya waliotangulia. Kidole kikiwa kikavu, kilowanishwe kidogo. Kikiwa na jasho, kikaushwe. Ajaribu kidole kingine, maana kila aliyesajiliwa vidole kumi ana vidole tisa vya akiba. Vyote vikishindwa, iwepo njia nyingine iliyoandikwa kwenye kanuni: namba ya siri, picha kwenye kumbukumbu, au mashahidi wawili, na kila matumizi ya njia hiyo yaandikwe kwa jina la karani na la msimamizi ili wizi usipitie hapo. Mama alipwe siku hiyo hiyo. Na maneno yabadilike. Asiambiwe "mashine imekukataa". Aambiwe: "Mama, mashine haikuweza kusoma kidole chako leo. Tutatumia njia ya pili."

Naingia katika jambo la matumizi yanayopanuka. Uingereza ilianza kugawa vitambulisho Septemba 1939, wiki chache baada ya vita kuanza, kwa sababu za vita. Vita vikaisha mwaka 1945, kadi zikabaki. Desemba 1950 dereva mmoja, Clarence Willcock, alisimamishwa na polisi Finchley, London, kwa suala la mwendo. Akatakiwa kuonyesha kitambulisho, akakataa. Kesi ikafika Mahakama Kuu mwaka 1951. Alipatikana na hatia, maana sheria bado ilikuwepo, lakini Jaji Mkuu Goddard aliilaumu serikali waziwazi: sheria iliyotungwa kwa dharura ya vita, ikitumiwa kwa mambo ya kila siku wakati wa amani, inawageuza raia wema kuwa wavunja sheria na inaharibu uhusiano wao na polisi. Februari 1952 kadi zikafutwa. Nchi hiyo ikatunga sheria mpya ya vitambulisho mwaka 2006, ikaifuta mwaka 2010, na diski za rejista zikaharibiwa.

Wananchi wale hawakuwa wakibishana kuhusu plastiki wala karatasi. Waliambiwa ni kwa ajili ya vita, wakakubali. Kisha ikatumika kwa jambo ambalo hawakukubali. Sheria ya utambulisho isiyotaja matumizi yake, na isiyosema ni nani anayeweza kuyaongeza, inaomba saini kwenye karatasi tupu.

Na kuna safu za fomu. Tunajaza fomu bila kuziangalia. Rwanda, utawala wa Wabelgiji uliweka kabila kwenye kitambulisho katika miaka ya 1930, na serikali zilizofuata uhuru zikaliacha pale. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, watu waliamriwa kutoa kadi, na neno moja lililoandikwa humo liliamua nani anapita na nani anauawa. Baada ya mauaji ya kimbari neno hilo liliondolewa kwenye vitambulisho. Naomba kila ofisa mwenye fomu mpya mezani apitie safu moja baada ya nyingine na aulize: ni huduma ipi itakayokwama tukiifuta safu hii? Kama hakuna, aifute leo. Taarifa ambayo haikuandikwa haiibwi na wala haitumiki vibaya na serikali ijayo.

Mahakama zimekuwa zikisema haya kwa lugha ya kisheria. Januari 2020 Mahakama Kuu ya Kenya iliruhusu mfumo wa Huduma Namba, yaani namba moja ya utambulisho kwa kila mkazi, uendelee kwa sharti la kuwepo kanuni kamili, na ikakataa ukusanyaji wa vinasaba na wa mahali mtu alipo kwa setilaiti. Oktoba 2021 mahakama hiyo ikabatilisha uzinduzi wa kadi kwa kuwa tathmini ya athari kwa faragha ya watu inayodaiwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haikufanywa kwanza. Mahakama ya Juu ya India, Septemba 2018, iliacha namba ya Aadhaar, namba ya utambulisho ya nchi hiyo, iendelee kwa ruzuku za serikali lakini ikayazuia makampuni binafsi kuidai kama yalivyokuwa yameruhusiwa. Jamaika, Aprili 2019, sheria nzima ya utambulisho wa taifa iliangushwa na mahakama. Katika kesi hizi mitambo haikuwa imeharibika. Kilichokosekana ni maelezo na mipaka, ambavyo vilipaswa kutangulia.

Je, yapo mahali ambapo mwananchi ameelezwa vizuri? Yapo. Mwishoni mwa Agosti 2017 watafiti waliiarifu Estonia kwamba chipu iliyomo kwenye kadi zake za utambulisho ina kasoro: kwa kompyuta zenye nguvu, ufunguo wa siri unaoilinda kadi ungeweza kukokotolewa. Kadi karibu 760,000 ziliguswa, katika nchi yenye watu takriban milioni 1.3. Fikirieni ushawishi wa kunyamaza ulivyokuwa, na uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa Oktoba hiyo hiyo, wenye kura za intaneti. Serikali ilitangaza 5 Septemba. Ilisema kasoro ni ipi, kadi zipi zimeguswa (zilizotolewa tangu Oktoba 2014), na kila mtu afanye nini. Novemba ilipofika ikasitisha vyeti vya zamani vya kidijitali, vile vinavyoiwezesha kadi kuthibitisha na kutia saini, na watu wakasasisha kadi zao kwa kompyuta nyumbani au kwenye ofisi. Foleni zilikuwepo, mfumo ulizidiwa. Lakini watu waliendelea kuziamini kadi zao.

Kwa nini waliweza kuelewa? Kwa sababu walikuwa wakiigusa tofauti hiyo kila siku. Kadi ile ina namba mbili za siri: moja ya kuingia kwenye huduma, nyingine ya kutia saini. Mtu wa kawaida, bila kusoma kitabu chochote, anajua kwa mkono wake kwamba kuthibitisha ni kitu kimoja na kuridhia ni kingine. Na anaweza kufungua ukurasa akaona ni ofisi ipi iliyotazama taarifa zake. Elimu kwa umma imejengwa ndani ya kifaa. Bango halikuhitajika.

Kwa hiyo ombi langu kwenu mnaotunga kanuni ni karatasi moja, ibandikwe kila dirisha la huduma, kwa herufi ambazo mzee anaweza kusoma bila miwani, na karani aweze kuisoma kwa sauti kwa asiyejua kusoma. Iseme ofisi hii inahitaji taarifa gani na kwa kazi gani. Iseme nani mwingine anaziona na zinafutwa lini. Iseme njia ya pili ni ipi kidole kikishindwa. Na iseme kosa la jina au tarehe linarekebishwa wapi, kwa nyaraka zipi, na ndani ya siku ngapi. Hiyo idadi ya siku msiiache wazi, maana bila idadi ya siku mwananchi atarudi kila wiki, na kila wiki ataambiwa arudi wiki ijayo.

Asanteni kwa kunisikiliza. Karibuni kwa maswali, na naomba tuanze na wale wanaokaa madirishani.